Tumbo Hupimwa Juu ya Ngozi

Wanangu wauguzi na matabibu, ninyi mnaopangiwa sasa vituo vya Bariadi, Itilima na Maswa, nimelazimika kuandika.

Hivi karibuni nilialikwa, kwa heshima ya mvi zangu, katika semina moja hapa Somanda. Kijana mwenye tai na kompyuta alitueleza, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza, kwamba shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu na unene wa kiuno hutembea pamoja. Kwamba msafara huo unaitwa sindromu ya kimetaboliki. Na kwamba zamani huku kwetu hakuna aliyeyajua haya. Kisha tukaenda kula. Kila mjumbe aliletewa wali, chapati, viazi vya kukaanga na soda mbili, bila shaka ili elimu isipite kooni ikiwa kavu.

Mimi ni mmoja wa hao ambao hawakujua. Nimestaafu nikiwa Afisa Muuguzi, na sina tabia ya kuacha jambo likae kombo katika kumbukumbu za serikali wala za watu. Kwa hiyo naomba nisahihishe. Tulijua. Tulichelewa kujua, tulijua kwa kujikwaa, na mkubwa wetu wa kazi alitupinga kwa barua zenye mihuri. Lakini tulijua, na tulijua kupitia tumbo la wakala mmoja wa pamba.

Kituo cha afya nilichofanyia kazi sitakitaja. Waliokuwapo wanakifahamu, na wasiokuwapo hakitawaongezea mshahara. Kilikuwa kwenye njia ya kwenda Zagayu, wakati huo mkoa wa Simiyu haujazaliwa na sisi sote tukihesabiwa Shinyanga. Jumanne tulipokea wagonjwa wa presha katika chumba cha kushoto. Alhamisi tulipokea wagonjwa wa sukari katika chumba cha kulia. Kadi za presha zilikuwa za kijani, za sukari za njano. Mpangilio ulikuwa nadhifu kiasi kwamba kila mgeni kutoka ngazi za juu alitusifu na kusaini kitabu cha wageni kwa mbwembwe. Kasoro ilikuwa moja tu, na mtu mwenye adabu asingeitaja mbele ya wageni: mgonjwa wa kushoto na mgonjwa wa kulia, mara nyingi, alikuwa mtu yule yule.

Aliyeligundua hilo alikuwa Matroni Nyamizi, mkubwa wangu, mwanamke mfupi aliyependa kukaa kwenye benchi la barazani na kusalimia kila anayeingia. Asubuhi moja ya Alhamisi alimzuia mzee mmoja mlangoni.

"Mwangaluka, baba. Wewe si ulikuwa hapa juzi?"

"Mwangaluka, mayu. Juzi nilileta presha. Leo nimeleta sukari."

Matroni aliniangalia. Mimi nilikuwa nimeshika kadi ya njano mkononi, na ya kijani ya mzee huyo huyo ilikuwa imelala kabatini chumba cha pili. Hakunigombeza. Alisema tu, "Binti, kamwulize na figo na moyo wake huja siku gani, tuwapangie vyumba."

Ninyi mnacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tulipoziweka kadi zile mbili meza moja tuliona tulichokuwa tukifanya. Katika chumba cha kushoto tuliwapa watu vidonge vya kukojoa kwa dozi kubwa za enzi zile, na dozi kubwa ya vidonge vile ina hulka ya kupandisha sukari. Sukari ikipanda, katika chumba cha kulia tulimkaripia mgonjwa kwamba anakula ovyo. Mzee wa watu alikuwa anagombezwa Alhamisi kwa kosa tulilomnywesha Jumanne. Unadhifu wa ofisi, wanangu, una gharama yake, na mara nyingi anayelipa si mwenye ofisi.

Matroni alivunja utaratibu. Aliweka kliniki moja, siku moja, kadi moja, na akaongeza kitu kilichowafanya wenzetu waangue kicheko: futikamba, ile ya fundi cherehani. Kila mgonjwa apimwe presha, apimwe sukari, apimwe uzito, na apimwe kiuno. Sukari hatukuipima kama mnavyopima leo, kwa kutoboa kidole na kusoma jibu kabla mgonjwa hajamaliza kusema "aa". Tulichemsha mkojo juu ya moto ukiwa umechanganywa na dawa ya buluu. Ukibaki buluu, mgonjwa aliaga na kwenda zake. Ukiwa kijani, tulimwangalia kwa jicho la pembeni. Ukiwa rangi ya tofali, tulivuta kiti. Chumba kilinuka kama mnavyofikiri. Mashine zenu ni maendeleo, wala sizipingi. Ila hazikuwafundisha subira, na hilo linaonekana.

Sasa, kuhusu wakati wenyewe. Kabla ya ruksa ya biashara huria, sukari ilikuwa ya foleni na mafuta ya kupikia yalikuwa ya kujuana. Mtu wa Bariadi alikuwa mwembamba kwa mujibu wa sera. Alikula ugali wa mtama, mlenda na michembe ya viazi vilivyokaushwa, alitembea hadi shambani na kurudi, na kama alikuwa na kitambi basi alikuwa na cheo. Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa sukari, soda, bia, mafuta ya madumu na mikate myeupe. Ukiritimba wa kununua pamba ukaondolewa, makampuni binafsi yakaingia, na kila kampuni ikaweka mawakala wake vijijini. Wakala alipanda pikipiki au pick-up, alikaa kivulini kando ya mizani kutwa nzima, na alikunywa soda kama sehemu ya majukumu yake. Ndani ya misimu michache, vitambi vilivyokuwa vya mkuu wa idara peke yake vikawa huru kwa wananchi wote wenye uwezo. Soko huria lilifika kwanza kiunoni.

Na msidhani kitambi kilikuwa pambo. Kilikuwa leseni. Mkulima aliyefika na mkokoteni wa pamba akikuta mawakala wawili wamekaa na mizani zao, alimpelekea mwenye tumbo, kwa hoja iliyokuwa wazi kwake kwamba mtu yule anakula na kwa hiyo ana kitu. Mwembamba aliambiwa, "Tutarudi." Na kulikuwa na sababu ya pili, nzito zaidi, ambayo ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kuihisi. Ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa unatumaliza na hatukuwa na dawa ya kumpa mtu. Aliyekonda alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Watu hawakumwuliza anaumwa nini. Walimwuliza jirani yake kama amekwisha kugawa ng'ombe.

Ndipo alipokuja Bwana Maduhu.

Bwana Maduhu alikuwa wakala wa kampuni moja ya pamba, mwenye gulio lake la kununulia pamba njia panda ya Zagayu, na alikuwa na tumbo lililoingia mlangoni kabla yake. Alivaa suti ya Kaunda iliyofunguliwa kifungo cha chini kwa lazima. Alikuja kwa sababu kichwa kilimgonga kisogoni asubuhi na kwa sababu, akijaribu kushuka kwenye pick-up, dunia ilizunguka bila kumwomba ruhusa. Matroni alikuwa amekwisha kustaafu. Kliniki ilikuwa yangu.

Kijana wetu msaidizi alimfunga mkanda wa presha wa kawaida. Nikamfungua. Hapa andikeni, kama mnaandika: mkanda mfupi kwenye mkono mnene hukuza presha, nawe utamtia mtu ugonjwa ambao hana au kumwongezea alionao. Tafuta mkanda mpana. Akae, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono ulale usawa wa moyo, apumzike kidogo, na anyamaze. Sharti la mwisho lilikuwa mateso makubwa kwa wakala wa pamba. Pamoja na masharti yote hayo, presha yake ilikuwa juu, na ilibaki juu aliporudi siku nyingine. Mkojo wake ulikuwa tofali. Futikamba ilikaribia kuisha.

"Sista," aliniambia, "presha ni ya mawazo ya kazi. Hiyo nipe dawa. Hili tumbo liache, halimuumi mtu."

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake, na mpaka leo sijapata maelezo bora.

"Bwana Maduhu, chukulia mwili wako ni kinu cha kuchambulia pamba. Sukari ni malori yaliyojaa mzigo, yamefika getini. Insulini ni karani anayegonga geti ili malori yaingie. Tumbo hili, mafuta yaliyozunguka matumbo yako kwa ndani, yamemfanya mlinzi wa geti awe kiziwi. Karani anagonga, mlinzi hasikii. Mwenye mali anafanya nini?"

"Anatuma karani mwingine."

"Anatuma na wa kumi. Sasa makarani wamejaa barabarani hawana kazi, na makarani wasio na kazi unawajua. Wanakwenda kwenye figo na kuziambia zishike chumvi zisiitoe. Wanachochea neva, mishipa inabana. Na mafuta yale nayo yanamwaga sumu yake kwenye kuta za mishipa, zinakakamaa. Chumvi imebaki, maji yameifuata, bomba limebana. Presha ifanye nini?"

Alikaa kimya, na safari hii sikuwa nimemwamuru.

"Kwa hiyo hii presha na hii sukari..."

"Zimeshuka kwenye lori moja. Ukinipa moja nikaiacha nyingine, nitakuzika ukiwa na kadi nzuri ya kijani."

Alichukua dawa. Na kwa mshangao wa kila mtu, alichukua na ushauri. Aliacha soda, akapunguza bia na nyama za kuchoma, akarudi kwenye mtama na mlenda, na akaanza kwenda gulioni kwa baiskeli akidai pick-up ina hitilafu. Mkewe, Kabula, alikuja kuniuliza chumvi kiasi gani iingie kwenye mboga, jambo ambalo wake wa wakubwa wengine waliliona ni kazi ya mpishi. Bwana Maduhu alipokuwa ameanza kupungua, na presha imeanza kushuka naye, mimi nilipelekwa masomoni Mwanza. Niliondoka nikiwa na moyo mweupe.

Niliporudi nilikabidhiwa taarifa. Mganga Mfawidhi wetu, jina lake ninalihifadhi kwa hisani ambayo yeye hakuwahi kuionyesha, alikuwa ameichunguza kadi ya Bwana Maduhu. Presha imeshuka. Sukari imeshuka. Uzito umeshuka. Kiuno hakijasogea hata nukta. Kwa hiyo aliandika, kwa wino mweusi na kwa Kiswahili cha kupigiwa makofi, kwamba imethibitika kitambi hakina uhusiano wowote na shinikizo la damu, kwamba futikamba irejeshwe kwa fundi cherehani, na kwamba kliniki igawanywe tena katika vyumba viwili kwa maslahi ya utaratibu. Mgonjwa mmoja, futikamba moja, na sayansi ya dunia nzima imerekebishwa kutoka kituo cha afya cha kijijini. Sijui kwa nini hakupewa nishani.

Nilimwuliza msaidizi wetu, "Ulimpima vipi?"

"Kiunoni, sista."

"Juu ya ngozi?"

Alitazama chini. "Mtu mzima kama yule, sista? Mwenye gulio lake? Nimwambie avue shati mbele yangu?"

Hapo ndipo penye somo ninalotaka mlibebe. Kwetu huku mtu mdogo anaambiwa vua, naye anavua. Mtu mwenye wadhifa anapimwa akiwa amevaa wadhifa wake wote. Tulikuwa tunapima mifuko, mikanda, pochi, funguo za stoo na heshima, kisha tunaandika sentimita. Futikamba huwekwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mgonjwa akishusha pumzi ya kawaida, juu ya ngozi. Mfupa wa nyonga hautazami cheo.

Bwana Maduhu alipokuja Alhamisi iliyofuata nilimtazama kwa mbali, nikadhani nimechanganya watu wawili. Shingo ilikuwa imekonda, kola inacheza. Mikono ilikuwa ya mkulima. Lakini tumbo lilikuwa pale pale, la duara, la kifahari, limetangulia kama zamani.

"Mwadila, Bwana Maduhu. Vua shati."

"Sista, msaidizi wako huwa anapima hivi hivi."

"Msaidizi wangu ana adabu. Mimi nimestaafu adabu mapema. Vua."

Alikwenda akafunga mlango, akarudi akafungua vifungo. Chini ya shati kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha marekani, umeshonwa vizuri kama mto, umefungwa kwa kamba kuzunguka kiuno. Nilibonyeza. Ulikuwa umejaa pamba.

Sikucheka. Naomba iandikwe kwamba sikucheka, maana imenigharimu.

"Nilipoanza kupungua," alisema, "wakulima walianza kupita gulioni kwangu bila kusimama. Wananisalimia kwa upole, Sista. Mkulima wa pamba akikusalimia kwa upole, ujue amekwisha kukuzika. Limbu, wakala mwenzangu wa pale ng'ambo, anawaambia, 'Mwacheni mgonjwa apumzike.' Ningefanyaje? Ninenepe nife, au nikonde niuawe?"

Nilipima chini ya mfuko, juu ya ngozi. Kiuno kilikuwa kimerudi nyuma vizuri kabisa, sambamba na presha na sukari, kama vile Matroni Nyamizi alivyosema siku zote. Kitambi kile kilikuwa kimetoweka na bado kilikuwa kazini. Nikamwandikia vipimo vyake vya kweli, na sababu sikuiandika, kwa kuwa aliniomba na kwa kuwa ilikuwa haki yake. Baadaye, jambo hili lilipokuwa limekwisha kujulikana hadi Malampaka stesheni, nilimwandikia Mganga Mfawidhi kumweleza pamba ilivyompotosha. Alijibu kwamba hakuna mwongozo unaomtaka mgonjwa avue shati, na kwamba kosa ni la mgonjwa kwa kuidanganya serikali kwa kutumia zao la biashara. Hata hivyo, kliniki haikugawanywa. Vyumba vyake viwili vilikuwa vimekwisha kujaa majembe ya mradi.

Nirudi kwa Bwana Maduhu, maana hila yake ilikuwa na dosari ambayo hata mimi sikuiona mapema. Tumbo alilijaza, shingo hakuweza kuijaza. Watu waliona mtu mwenye shingo ya kuku na tumbo la fahali, wakakata shauri kwamba hilo si afya. Alikuwa amekwepa kushukiwa ugonjwa mmoja, sasa akashukiwa miwili, na wengine wakaongeza kurogwa ili hesabu itimie. Habari zilifika Zagayu kwa mzee Luhende, baba yake Kabula, mkulima mkubwa wa pamba na mwenye ng'ombe wengi. Mzee Luhende hakuwa mtu wa kusubiri mazishi.

Kabula alinijia kituoni mchana mmoja wa msimu, kanga imemvuka bega, anahema.

"Sista, baba amekuja gulioni na ndugu zake. Anasema ananirudisha nyumbani leo, ng'ombe wa mahari atawarudisha. Maduhu anasema uje, uwaambie haumwi ule ugonjwa."

"Mwanangu, siwezi kusema habari za mgonjwa mbele ya watu."

"Basi njoo usiseme," alijibu. "Lakini njoo."

Nilichukua mashine ya presha, kwa kuwa muuguzi asiye na kitu mkononi huonekana amekwenda kutazama ugomvi, na nikamfuata.

Wakulima walikuwa wamejaa, mikokoteni imesimama, mizani inaning'inia bila mzigo. Hakuna aliyekuwa anauza. Limbu naye alikuwa ameacha gulio lake ng'ambo na kuja kutoa pole mapema. Mzee Luhende alikuwa amesimama katikati, mtu mrefu mwenye tumbo ambalo hakuna aliyelishuku.

"Mwadila, mayu sista."

"Mwadila, baba."

"Wewe ndiye unayempa dawa bukwi wangu huyu, mkwe wangu?"

"Mimi ni muuguzi, baba. Nani anapewa nini, hayo ni ya mwenyewe kusema."

"Ahaa." Aliwageukia ndugu zake. "Mmesikia? Hata sista anaogopa kulitaja."

Basi kimya changu, nilichokilinda kwa miaka na kiapo, kikawa ushahidi wa upande wa mashtaka.

"Sina ugomvi na mtu," mzee aliendelea. "Maduhu amenitunzia binti. Ng'ombe wake atawapata wote. Ila simwachi Kabula akae na shingo hii. Kabula, funga mizigo."

Kabula hakusogea. Bwana Maduhu alinitazama.

"Sista, sema."

"Siwezi, Bwana Maduhu. Wewe unaweza. Ukisema, nitasimama hapa nithibitishe."

Alitazama wakulima wake. Akamtazama Limbu, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu. Nilijua anachopima. Akinyamaza, mke anaondoka mchana huo. Akisema, atakuwa kichekesho cha ukanda mzima wa pamba hadi atakapozikwa, na huenda hakuna mkulima atakayesimama tena kwenye mizani yake. Alishika kifungo cha kwanza cha Kaunda, akakifungua. Cha pili. Suti ikaachia, mfuko ukaonekana.

Alijaribu kuutoa, ukakataa. Fundo lilikuwa mgongoni. Alipapasa nyuma, mkono haukufika, akazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, na hapo wengine walianza kukohoa. Ndipo Kabula alipopita mbele ya baba yake, akaenda nyuma ya mume wake, akalifungua fundo kwa mkono mmoja bila kutazama, kama mtu afanyavyo kila siku.

Mzee Luhende alimwona. Kila mtu alimwona.

"Kabula," alisema polepole. "Wewe ulikuwa unajua."

"Nimeushona mimi, baba. Kila alipopungua, mimi niliongeza."

Mzee aliuchukua mfuko, akaupima uzito kwa mikono miwili, akachana pembe ya mshono na kuchomoa bonge la pamba. Alilivuta, akalinusa, akalitazama kwenye jua, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Hii ni fifi!"

Gulio lilipasuka kwa kicheko. Pamba fifi ni ile chafu, ya daraja la chini, ambayo wakala yeyote angeikataa.

"Mtu mwenye gulio zima," mzee alifoka, "anajiwekea fifi tumboni!"

"Safi tumeuza, baba," Kabula alisema.

Kicheko kilipotulia, Bwana Maduhu alisema yote, akiwa ameshika suti yake kwa mkono: presha, sukari, malori getini, makarani wasio na kazi, mlenda, baiskeli. Alikosea sehemu moja kuhusu figo, nami nikaiacha. Kisha nikathibitisha, kama nilivyoahidi, kwamba wembamba ule ni wa matibabu.

"Maneno," alisema mzee Luhende. "Yeye anasema, na wewe unasema. Mimi nitajuaje kwamba tumbo ndilo linaleta? Mimi ninalo, la kweli, na siumwi. Nipime hapa hapa."

"Twende kituoni, baba, faraghani."

"Nimekuja na mashahidi. Pima."

Nilimketisha kwenye gunia la pamba, mgongo akaegemea mlingoti wa mizani, nikamwambia anyamaze. Ndugu zake waliona hilo kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Nilimfunga mkanda mpana. Nikapima, nikangoja, nikapima tena, na mkono wa pili. Kisha nikatoa futikamba mfukoni.

"Hiyo ya nini?"

"Ya tumbo, baba. Vua shati."

"Mbele ya bukwi wangu?"

"Bukwi wako amekwisha kuvua."

Alivua. Nilipomaliza nilikunja futikamba taratibu, kwa sababu watu walikuwa wananitazama usoni, nami nina uso usiojua kudanganya.

"Kipimo kimoja si hukumu," nikamwambia. "Ila hiki kimenitisha. Alhamisi uje kituoni, usinywe chai, tupime na sukari. Na ikiwa ndivyo ninavyodhani, itabidi tumbo hili lipungue kama la mwenzako."

Mzee Luhende alivaa shati. Alifunga vifungo vyote, kile cha chini kikakataa, akakiacha. Akawaambia ndugu zake watangulie na baiskeli. Akamwambia Bwana Maduhu afungue mizani, watu wamesubiri vya kutosha, na wakulima wawili walikuwa tayari wanasukuma mikokoteni yao mbele, bado wakifuta machozi ya kicheko. Limbu alirudi gulioni kwake peke yake. Kuhusu Kabula na mizigo, hakuna aliyetaja tena.

Alipofika barabarani mzee alisimama, akarudi hatua chache, akamwonyesha binti yake mfuko wa marekani uliokuwa umelala kwenye vumbi.

"Ng'wanone, huo usiutupe."

"Wa nini tena, baba?"

"Utaniletea Zagayu," alisema, akishika kiuno chake kwa mikono miwili. "Ila ongeza kamba. Hizo hazitanifika."